Kiti cha Aliyeweka Dau

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya watafiti, wakulima na wenye viwanda

 

Naomba nianze na mmea usio na jina. Una namba tu: 11648. Wakongwe wa mkonge waliomo humu ukumbini wanaujua vizuri. Wengine wameupita barabarani kati ya Muheza na Korogwe bila kujua kwamba ulizaliwa hapa hapa kwetu, katika kituo cha utafiti cha Mlingano. Mkonge wa kawaida, ule uliotokana na miche 62 iliyofika hai kati ya 1,000 ambayo Dk. Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida mwaka 1893, hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake, kisha husimamisha mlingoti, huchanua, hufa. Chotara 11648 hutoa majani yapatayo 600. Wachina waliuchukua mwaka 1963, na hadi leo sehemu kubwa ya mkonge unaolimwa kusini mwa China ni mmea huo wa Muheza.

Ulihitaji subira ya ajabu. Mkonge huchanua mara moja tu, na mara hiyo ndiyo ya kufa kwake. Mtafiti anayetaka kuchukua chavua ya mmea mmoja aipeleke kwa mwingine hungoja miaka, pengine kumi, mlingoti usimame. Akipata mbegu huotesha, kisha hungoja tena. Watafiti wetu waliuoanisha mkonge wa Amani, ambao jina lake la kitaalamu, Agave amaniensis, limebeba jina la kilima chetu, na mkonge mwingine uitwao Agave angustifolia, halafu mtoto aliyepatikana wakamrudisha kwa mzazi wa Amani. Vizazi viwili vya kungoja. Bajeti ya mwaka mmoja haiwezi kuzaa mmea kama huu. Waliochanga na kuvumilia ni wenye mashamba wenyewe, kupitia chama chao cha wakulima wa mkonge wa Tanganyika. Walikuwa wamejifunza shambani kwamba mkonge hauharakishwi, kwa hiyo hawakumharakisha mtafiti.

Hiyo ndiyo sura nzuri ya jambo nililoombwa kulizungumzia jioni hii, yaani mabaraza ya ushauri ambamo wenye viwanda na wafanyabiashara huketi pamoja na taasisi za utafiti. Jinsi yanavyofanya kazi hakuna siri. Watu wa nje ya maabara, wanaolima, wanaosindika, wanaosafirisha au wanaouza, hukutana na watafiti mara chache kwa mwaka. Huwaambia kinachowauma, husikiliza kilichopatikana, na mara nyingi huja na mkoba. Ujerumani wamelifanya jambo hili kuwa desturi: Shirika la Fraunhofer, lililoanzishwa Munich mwaka 1949, limeipa kila taasisi yake baraza la namna hiyo, nalo hushauri bila kuamrisha. Ruzuku ya msingi ya serikali ni takriban theluthi moja tu ya fedha zao za utafiti; zilizobaki huzitafuta kwa mikataba. Kutoka taasisi yao ya Erlangen dunia ilipata MP3, namna ya kubana sauti iliyotuwezesha kubeba nyimbo mfukoni.

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Taasisi isiyo na fedha hupoteza vijana wake wazuri, friji zake za mbegu huzimika, na majaribio yake hukatika katikati ya msimu. Sitapoteza muda wenu kubishana na jambo hilo. Ninayetaka kumzungumzia ni yule anayekuja na mkoba: akishaketi, ana haki ya nini?

Turudi Mlingano, kwa kuwa 11648 ina upande wa pili. Mmea wenye namba ulipandwa katika mashamba yaliyojengwa na watu walioitwa kwa namba. Manamba waliletwa Tanga kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wengi wao kupitia shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, lililoundwa na wenye mashamba mwaka 1944. Babu za baadhi yenu walishuka kwenye malori yale. Sasa angalieni meza ya utafiti. Chama kilikuwa cha wenye mashamba, na kiti kilikuwa cha wenye mashamba. Maswali yakafuata kiti: ekari itoe majani mangapi, singa ziwe ndefu kiasi gani, mbolea ipi, nafasi gani kati ya mistari. Yalikuwa maswali halali na yalijibiwa kwa ufundi ambao hata leo naustaajabia.

Lakini jani la mkonge likiingia korona, ile mashine ya kukamulia, singa zinazotoka ni asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito wake. Zilizobaki, maji na makapi, zilimwagwa. Kwa miongo mingi kila aliyekulia karibu na korona alijua ile harufu na ile rangi ya mto. Mwaka 1964 nchi ilifikia kilele cha takriban tani 230,000 za singa. Baada ya hapo kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na zao likaporomoka hadi sehemu ndogo tu ya kile kilele. Swali la yale makapi yafanywe nini lilikuja kupata mtambo wake Hale, wilayani Korogwe, mwaka 2008, ulipozinduliwa mtambo wa kutoa gesi na umeme kutoka mabaki ya mkonge. Miaka arobaini na minne baada ya kilele! Nayasema haya bila kuwadharau waliotangulia. Watu wa singa waliuliza juu ya singa. Mtu akishayazoea makapi mlangoni kwake, macho huacha kuyaona.

Na kituo chenyewe kilipata msiba ambao kila taasisi yenye mfadhili mmoja huuchungulia usiku: zao lilipougua, mlipaji akaugua, na utafiti ukalala kitanda kimoja naye. Mlingano ikageukia zaidi kazi ya udongo. Kazi hiyo ni ya heshima, taifa zima limefaidika nayo. Ila wakati mkonge ulipohitaji mtafiti kuliko wakati mwingine wowote, ndipo alipokuwa haba.

Sasa naomba niseme jambo langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika baraza la ushauri la taasisi moja ya nafaka na mikunde. Sitaitaja, wala waliokuwamo sitawataja. Tulikuwa watu kumi na mmoja: wasindikaji, wafanyabiashara wa mbegu, maofisa, watafiti, na mkulima mmoja, mama wa makamo aliyesafiri tangu alfajiri na kuwekwa kiti karibu na mlango. Makabrasha yalikuwa ya Kiingereza. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza kilichochovya Kiswahili pale mtu alipotaka kutania. Mtafiti kijana akatuonyesha aina mpya ya maharage: mavuno kwa hekta, ukinzani dhidi ya magonjwa, siku za kukomaa. Tukampongeza. Mwenyekiti akauliza, kwa adabu tu, kama mama alikuwa na la kusema. Akasema, "Haya maharage yanakula kuni ngapi?"

Pakawa kimya. Hakuna aliyejua. Katika majedwali yale yote, dakika za kuiva hazikuwamo. Mama akaeleza pole pole kwamba kijijini kwake kuni zilikuwa zimekwenda mbali, na kwamba harage linalozaa magunia mengi lakini halilainiki hadi jioni, yeye hatalipanda. Atalima lile dogo la zamani. Kwa sentensi moja alikuwa ameeleza kwa nini aina kadhaa za mbegu bora, zilizotolewa kwa sherehe, hazikuonekana mashambani. Tangu siku ile nimeamini kwamba baraza la ushauri likifanya kazi yake sawasawa linaweza kumpa mtafiti kitu ambacho darubini haiwezi kumpa.

Katika baraza lile lile niliona pia jambo la pili, na hili sijalisema hadharani kabla ya leo. Watafiti walikuwa wamepima sampuli za karanga na mahindi na kukuta sumukuvu juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Msindikaji mmoja, mtu mpole, mchangiaji mkubwa, akaomba taarifa ile isubiri msimu wa ununuzi upite, ili soko lisitaharuki. Hakuomba namba zibadilishwe. Hakumtisha mtu. Aliomba muda tu. Sauti ile ilikuwa ya kiungwana mno kiasi kwamba kumkatalia kungeonekana utovu wa adabu. Taarifa ikasubiri. Na mimi niliyekuwa pale, niliyejua sumukuvu hufanya nini katika ini la mtoto, nilinyamaza.

Mnajua sumukuvu ni kitu gani. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui nchini Kenya, waliougua walihesabiwa 317 na waliokufa 125. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, na kule pia tulizika watu. Siwezi kusema kwamba kimya changu kilimdhuru fulani. Najua tu kwamba katika miezi ile watu waliendelea kununua na kula, na sisi tuliokuwa mezani tulikuwa na habari ambayo wao hawakuwa nayo.

Kutokana na siku mbili hizo nilijiwekea kanuni, na kwa muda mrefu niliihubiri: wape wenye mkoba maswali, wanyime majibu. Waulize wanachotaka; wasiguse kilichopatikana. Niliona nimefika. Kisha nikasoma historia ya tumbaku, na kanuni yangu ikavunjika mikononi mwangu.

Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara za Marekani walikutana katika Hoteli ya Plaza, New York. Majaribio ya panya waliopakwa lami ya sigara yalikuwa yamewashtua wananchi, na mauzo yalitikisika. Tarehe 4 Januari 1954 wakachapisha tangazo katika magazeti zaidi ya 400, wakiahidi kugharamia utafiti juu ya sigara na afya. Wakaunda kamati ya utafiti, na ndani yake bodi ya ushauri wa kisayansi. Aliyepewa kuiongoza kisayansi hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa Clarence Cook Little, mwanajenetiki, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Michigan na mwanzilishi wa Maabara ya Jackson, ambayo hadi leo inaheshimiwa duniani kwa utafiti wa panya. Waliopewa fedha walikuwa wanasayansi wa kweli, katika vyuo vya kweli, na mengi waliyoyachapisha yalikuwa sahihi.

Hapo ndipo penye fundisho, na naomba tukae hapo kidogo. Ukikagua kazi zile moja moja, unaweza usikute uongo. Jibu la kila mtu ni jibu halali la swali aliloulizwa. Lakini fedha zilimwagwa kwa wingi kwenye maswali ya urithi wa vinasaba, ya virusi, ya namna seli za saratani zinavyoishi, na kila mwaka viongozi waliweza kusimama na kusema kwamba utafiti unaendelea, kwamba mambo ni mengi, kwamba chanzo hakijathibitishwa. Swali lililo wazi kama jua, la moshi na pafu, liliwekwa pembeni bila kukatazwa kwa barua. Baraza lile, lililokuja kuitwa Baraza la Utafiti wa Tumbaku, liliishi zaidi ya miaka arobaini. Lilivunjwa kutokana na makubaliano ya mwaka 1998 kati ya kampuni hizo na majimbo 46. Na mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho, Washington, aliamua kwamba kampuni hizo zilikuwa zimeuhadaa umma kwa miongo mingi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, aliyekabidhiwa maswali amekabidhiwa kitu kikubwa kuliko majibu. Jibu baya litapingwa na mtafiti mwingine mwakani. Swali ambalo halikuulizwa halina wa kulipinga.

Kanuni yangu nimeiandika upya, na ndiyo niliyokuja nayo Tanga: aliyeketi mezani kwa sababu ya fedha zake ana haki ya kuongeza swali, hana haki ya kufuta swali wala kulichelewesha. Mama wa kuni aliongeza. Msindikaji wa karanga alichelewesha. Wenye sigara walifuta kwa kujaza meza maswali mengine hadi lile moja likakosa nafasi. Watu wote hao waliketi kwenye kiti cha aina ile ile, na wangeweza hata kuitwa kwa barua ya mwaliko ya aina ile ile.

Mtaniuliza, hili linawezekana kwetu? Linawezekana, na nina mfano wa kahawa.

Kituo cha Lyamungu, chini ya Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1934. Aina za kahawa zilizochaguliwa pale zamani, N39 na KP423, zilikuwa na ladha iliyotupatia jina, lakini zilikuwa chakula cha chulebuni na kutu ya majani. Mwenye kihamba anajua maana yake: buni changa inapata doa jeusi, inasinyaa, inaanguka, na kila mvua inamwita kwenye pampu na dawa ya shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utafiti wa kahawa ukahamishiwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ambayo wadau wa kahawa wenyewe wanashiriki kuigharamia kwa tozo na kuisimamia kupitia bodi. Mkulima alikuwa na swali lake: nipatie mbuni usiohitaji pampu. Mnunuzi naye alikuwa na lake, na lilikuwa la haki. Ukinzani dhidi ya magonjwa hayo kwa sehemu hutoka kwa chotara wa Timor, mbuni wenye damu ya robusta, na wanunuzi waliogopa kwamba robusta ingejitokeza kikombeni. Walikuwa na sababu ya kuogopa, maana Kenya walikuwa wametoa Ruiru 11 mwaka 1985, na ubishi wa kuilinganisha na ladha ya aina yao ya zamani, SL28, haukuisha.

Fikirini ingekuwaje kama mmoja wao angekuwa na mamlaka ya kumfuta mwenzake. Mnunuzi akishinda peke yake, tunabaki na kikombe kitamu na mkulima aliyeng'oa mibuni akapanda ndizi na nyanya. Mkulima akishinda peke yake, tunapata magunia mengi yasiyo na bei. Kwa kuwa maswali yote mawili yalibaki hai, aina mpya zilipimwa shambani na kupimwa na waonjaji pia, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zikaanza kutolewa. Kisha likaja swali la tatu, ambalo ndilo lililoitesa kazi hiyo kuliko yale mawili: miche iko wapi? Mibuni hiyo huzalishwa kwa vikonyo, kwa hiyo ilibidi kufungua bustani mama vijijini na kuvifundisha vikundi vya wakulima kuotesha wenyewe. Nimetembelea bustani mama nyingi. Mara nyingi nimekuta anayeshika ufunguo wa banda la miche ni kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, na anajua kukata kikonyo kwa wembe vizuri kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Tumezoea kusema wadau. Kila warsha ina wadau, kila bango lina wadau. Mimi katika neno hilo nasikia dau, ile fedha inayowekwa chini kabla mchezo haujaanza. Mdau, kwa sikio langu, ni aliyeweka dau. Basi tuulize katika chai, kahawa, korosho au miwa, nani ameweka?

Tozo ya utafiti hukatwa kwenye mnyororo wa mauzo. Karatasini anayeiwasilisha ni kampuni, mnada au kiwanda. Lakini anayenunua akijua kwamba kuna makato mbele, huyaondoa kwenye bei anayompa wa nyuma yake, naye humwondolea wa nyuma yake, hadi makato yanafika kwa mtu ambaye nyuma yake hakuna mtu, kuna shamba tu. Katika kahawa ya Tanzania zaidi ya asilimia 90 hulimwa na wakulima wadogo. Hao ndio walioweka dau. Tukimwita mwenye kiwanda mfadhili na mkulima mnufaika, tumeigeuza hesabu juu chini, na ugeuzaji huo ndio unaoamua nani anaketi katikati na nani anaketi karibu na mlango.

Jirani zetu wa Kenya wamelipitia jambo hili kwa namna inayofaa tuitazame. Kericho palikuwa na taasisi iliyohudumia chai ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na lake. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa chai mwaka 1980, ikiendeshwa kwa fedha za zao lenyewe, nasi tukangoja hadi 1996 tulipopata ya kwetu. Kericho ilifanya kazi kubwa: mche wa TRFK 6/8 umeenea kwa ubora wa kikombe chake, na mwaka 2011 wakatoa chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotafutwa kwa takriban miaka 25. Kisha mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria iliyoziunganisha taasisi za chai, kahawa na sukari, pamoja na ile ya kilimo kwa jumla, katika shirika moja la taifa, KALRO. Hoja ilikuwa ya maana, kupunguza kazi kufanywa mara mbili. Lakini watu wa chai waliona wamepoteza mlango wao. Haikupita miaka kumi, Sheria ya Chai ya 2020 ikaurudisha kisheria wakfu wao wa utafiti, na baadaye Sheria ya Sukari ya 2024 ikarudisha tozo ya asilimia 4, sehemu yake ikitengwa kwa utafiti.

Wengine wanayasoma haya kama mvutano wa serikali na sekta binafsi. Mimi nayasoma tofauti. Katika safari zote hizo, kwenda na kurudi, mama anayechuma majani mawili na chipukizi na kuyawahisha kituo cha kupimia kabla hayajanyauka, kiti chake hakikusogea sana. Chai ya zambarau ilionyesha hilo. Wakulima walioipanda kwa matumaini ya bei walikuta viwanda vingi havina njia ya kuisindika peke yake, na wengine wakaiuza kwa bei ya chai ya kawaida. Sayansi ilikuwa nzuri sana. Swali la nani atalipokea jani hili siku litakapochumwa lilihitaji kuwekwa mezani pamoja na swali la namna ya kulizaa.

Nikisema apewe kiti, simaanishi mtu mmoja wa kupigwa picha. Wawe wengi kiasi cha kuweza kuungana mkono. Hakuna anayeweza kusema peke yake mbele ya watu kumi wenye miwani. Walipwe nauli na siku zao, kwa kuwa mwenye kiwanda akija kikaoni mshahara wake unaendelea na mkulima akija shamba lake linangoja. Kila mjumbe awe na muhula wenye mwisho. Fedha zitoke mifuko kadhaa, tusirudie kitanda kimoja cha Mlingano. Na maswali yote yaliyowahi kuletwa yaandikwe katika daftari lililo wazi, pamoja na jina la aliyeuliza na sababu ya kila swali ambalo halikufanyiwa kazi. Msindikaji yule asingeomba muda kama ombi lake lingeandikwa kwa wino mahali ambapo mteja wake anaweza kulisoma.

Jambo la lugha ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Nimesikia wataalamu wakisema mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Nimewasikiliza wakulima wa Mbozi na Mbinga wakizungumza juu ya chulebuni, kutu ya majani, vikonyo, bustani mama na ladha ya kikombe kwa saa nzima, na hakuna kilichokwama. Sumukuvu ni neno zuri kuliko lile la kigeni, maana linakwambia kwamba ni sumu na kwamba imetoka kwenye kuvu. Kikao kinachofanywa kwa lugha ambayo mlipaji wake haijui vizuri kimeshafuta maswali yake kabla mwenyekiti hajagonga meza. Makabrasha yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Anayehitaji Kiingereza atafsiriwe.

Watafiti vijana waliniuliza kabla sijapanda hapa: je, wadau wakiongeza maswali kila siku, sisi tutafanya lini sayansi ya kudadisi tu, isiyo na mteja? Ni hofu ya haki. Mkonge wa Amani uliwekwa kwenye bustani ya utafiti kabla mtu yeyote hajajua kwamba damu yake ingezaa 11648. Lazima katika kila taasisi kuwe na fedha na vitanda vya miche ambavyo baraza halivifikii, ambamo mtafiti anaweza kupanda kitu kwa sababu kimemshangaza. Haki ya kuongeza swali ni ya mtafiti pia. Yeye naye ameweka dau, ameweka ujana wake.

Yule mama wa kuni sikumwona tena. Muhula wake uliisha na wangu ukafuata. Mwaka juzi nilipita katika taasisi ile kumsalimia mwanafunzi wangu wa zamani. Akanipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara ya mbegu. Juu ya jiko palikuwa na kifaa cha chuma chenye vijiti 25 vilivyosimama wima, kila kijiti kimekalia harage moja ndani ya maji yanayochemka. Harage likilainika, kijiti chake huzama. Kijana mmoja aliyekuwa na saa mkononi alikuwa akihesabu na kuandika. Nikaomba kuona jedwali lake. Kati ya safu ya mavuno na safu ya magonjwa palikuwa na safu nyingine, imeandikwa kwa Kiswahili: dakika za kuiva.